Gemu za kurudisha muda: ya vibandani na ya kweli

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanza, kuanzia Mabatini mpaka Kirumba, padi hazitoki kwenye gemu za mpira wa miguu, kwa hiyo gemu za kurudisha muda zinasimuliwa kuliko zinavyochezwa. Ndiyo maana maneno mengi ya vibandani yamepinda, kama haya matano.

"Ukirudi nyuma, mashine inapiga hesabu kinyumenyume." Haiwezekani. Mpira uliogonga ukuta ukatulia hauonyeshi ulitokea upande gani wala kwa kasi ipi. Braid (2008) inatunza hali ya kila kitu kadiri unavyocheza, kisha inaisoma kuanzia mwisho. Kwa picha 60 kwa sekunde, sekunde 10 tu ni hali 600. Utamu uko kwenye vitu vinavyong'aa kijani, maana hivyo havirudi. Ruka kwenye shimo ambalo huwezi kulipanda, chukua ufunguo wa kijani, rudisha muda: unapaa hadi ukingoni, na ufunguo bado unao.

"Zamani na sasa ni sehemu moja iliyopakwa rangi mpya." Katika Titanfall 2 (2016), sura ya Effect and Cause ina majengo mawili kamili, la zamani na la sasa, moja limewekwa juu ya jingine. Kitufe kinakuhamisha tu.

"Ukigusa jambo la kale, kila kitu cha mbele kinabadilika." Hubadilika kile tu ambacho waundaji walikipangia. Chrono Trigger (1995), ambayo ipo hata kwa simu za Android, ina masanduku meusi yanayofunguka kwa kidani kilichochajiwa. Mengi hukosewa hapa. Mwaka 600 gusa sanduku, ukiulizwa kama unachukua, kataa. Nenda mwaka 1000, fungua lile lile: kifaa kimekuwa bora zaidi. Kisha rudi 600 ukachukue kile cha awali. Ukianza kwa pupa mwaka 600, kile bora huna.

"Ukirudishwa mwanzo umepoteza." Inategemea gemu inabakiza nini. Outer Wilds (2019) hukurudisha kila baada ya dakika 22 hivi, jua likilipuka, lakini kompyuta ya chombo chako inabaki na yote uliyogundua. Majora's Mask (2000), ambayo siku zake tatu hujirudia, ni kali zaidi: ukipiga wimbo wa kurudi siku ya kwanza, mishale, mabomu na pesa za mfukoni vinakwenda, barakoa zinabaki. Pita benki kwanza, za benki haziguswi. Kwenye Nintendo 64, sevu ya kudumu ni huo wimbo wenyewe. Sanamu za bundi ndani ya gemu husevu kwa muda tu: unatolewa nje ya gemu, na ukirudi sevu hiyo inafutwa. Umeme ukikatika jioni ya siku ya tatu bila wimbo wala bundi, siku zote tatu zimepotea.

"Sogeza tarehe ya simu, umeiweza gemu." Gemu za mtandaoni nyingi husoma saa ya seva, si yako. Kwenye Animal Crossing: New Horizons (2020), ukirudisha saa nyuma tenipu (mboga za kununua na kuuza ndani ya gemu) ulizonunua zinaoza. Simu nayo inagoma: WhatsApp inalalamika tarehe, kurasa za intaneti hazifunguki kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe. Ingia kwenye mipangilio, washa tarehe na saa otomatiki, kisha zima simu na uiwashe tena.