Mkakati wa Drafti katika Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza

Katika fantasi ya kawaida ya Ligi Kuu ya Uingereza, mchezo ambao mtu huunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, kila mshiriki hupewa bajeti ya pauni milioni 100 za kununulia wachezaji, na hakuna kinachowazuia wote wanaokutana katika kibanda umiza kimoja cha Igoma kuwa na Erling Haaland kwa wakati mmoja. Katika drafti, aina nyingine ya mchezo huo, bajeti haipo. Washiriki huchagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wa ligi yao, yaani kundi la wanaoshindana, wamemkosa. Mkakati wa drafti, basi, ni namna ya kuamua nani achukuliwe sasa na nani aachwe hadi zamu ijayo.

Zamu huenda kwa mwendo wa nyoka, yaani mzunguko wa pili huanzia kwa wa mwisho na kurudi hadi kwa wa kwanza. Tuseme wanafunzi 8 wa Nyegezi wameunda ligi yao: wa kwanza anachagua nafasi ya 1, kisha anasubiri hadi ya 16 na ya 17, ilhali wa mwisho anapata ya 8 na ya 9 kwa mfululizo. Kabla ya zamu yake ya pili, yule wa kwanza atakuwa ameshuhudia wachezaji 14 wakiondoka.

Kwa sababu hiyo, thamani ya mchezaji haipimwi kwa pointi zake peke yake, bali kwa pengo lililopo kati yake na mchezaji bora wa nafasi ileile uwanjani anayetarajiwa kuwa bado yupo zamu yako itakaporudi. Miongoni mwa washambuliaji, msimu wa 2022/23 Haaland alifunga mabao 36, Harry Kane 30, na aliyewafuata, Ivan Toney, 20. Aliyewakosa wawili wa kwanza alishuka mabao 10 kwa hatua moja, na pengo la namna hiyo ndilo linalostahili zamu ya mapema.

Kwa makipa hali ni tofauti kabisa. Washiriki 8 wanahitaji makipa 16, wawili kila mmoja, na klabu 20 zina makipa 20 wa kwanza. Tena kila wiki anapangwa mmoja tu. Washambuliaji wanahitajika 24, watatu kwa kila mshiriki, wakati klabu nyingi humwanzisha mmoja tu wa kati. Kumchukua kipa katika raundi ya tatu ya kuchagua ni kosa, hata akiwa ndiye bora wa ligi nzima.

Viungo wanaocheza kama washambuliaji wana thamani ya pekee, kwani bao la kiungo huleta pointi 5 na la mshambuliaji 4. Mohamed Salah, aliyefunga mabao 29 msimu wa 2024/25, aliorodheshwa kuwa kiungo.

Hatari kubwa ni kufuata mkumbo. Watatu wakichukua mabeki mfululizo, anayefuata huhisi lazima naye achukue beki, ingawa huenda wamebaki mabeki watano wanaolingana, na kiungo wa daraja la juu amebaki mmoja. Huyo kiungo ndiye wa kuchukuliwa.