Shetani Aliyevaa Suti: Dhana Potofu Kuhusu Riwaya za Mizuka Zinazochekesha

Wapo wasomaji wazuri ambao wakisikia riwaya ina shetani, maiti anayesimulia au paka anayepanda tramu, na juu ya hayo inachekesha, huirudisha rafuni. Wana sababu zao. Naamini sababu hizo zinawanyima vitabu ambavyo wangevipenda, kwa hiyo nazijibu hapa.

Dhana: Vitabu hivi ni vya kuyakimbia maisha

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya shetani mwaka 1978 akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, bila kufikishwa mahakamani, akitumia karatasi za chooni. Ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1980, kisha kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina *Shetani Msalabani*. Mtu aliyenyimwa hata daftari hakuwa akiandika ili kuisahau Kenya.

Tazama alivyomchora Ibilisi huyo. Katika ndoto ya msichana Wariinga, amevaa suti ya hariri, ana midomo miwili, mmoja usoni na mwingine kisogoni. Watu waliovaa matambara wanamsulubisha. Baada ya siku tatu wanakuja wenye suti na tai, wanamshusha na kumpigia magoti. Kisha hadithi inaingia pangoni Ilmorog, kwenye mashindano ya kuwachagua mabingwa wa wizi na unyang'anyi, na kila mshindani anapanda jukwaani kujisifu. Mmoja anataka siku moja udongo uuzwe kwenye makopo, na hata hewa ifungwe iuzwe. Mwingine anapendekeza kiwanda cha viungo vya binadamu, ili tajiri awe na midomo miwili, matumbo mawili, mioyo miwili, maana mwili mmoja hautoshi kuzila mali zake.

Unacheka, na huku unacheka unawatambua. Taarifa ya gazeti inaweza kukupa idadi ya ekari zilizonyakuliwa. Tamaa yenyewe haina ekari, na njia ya kuionyesha ilivyo ni kumleta mtu anayelia kwa sababu Mungu alimpa mdomo mmoja tu.

Kisha kuna tukio dogo ambalo mimi naliona ndilo moyo wa kitabu. Anapanda jukwaani mwizi wa kweli, mwenye nguo chakavu, na kueleza kwamba yeye huiba kuku kwa sababu ana njaa. Anafukuzwa. Ukumbi mzima unaona ameyadhalilisha mashindano. Aya chache tu, na humo umeelezwa nani huitwa mwizi na nani huitwa mheshimiwa.

Dhana: Ukishacheka, hofu imekwisha

Mikhail Bulgakov, Mrusi, alianza mwaka 1928 kuandika *The Master and Margarita* (kama inavyoitwa kwa Kiingereza), riwaya ya Ibilisi anayezuru Moscow na kundi lake. Mwaka 1930 alichoma rasimu ya kwanza, akaanza upya, na alikuwa bado akiirekebisha alipofariki Machi 1940. Ndani yake mna nyumba namba 50 ambayo watu walianza kupotea hata kabla Ibilisi hajafika mjini. Polisi mwenye glovu nyeupe anamjia mpangaji na kumwomba apite kituoni mara moja, kuna karatasi ya kutia saini. Mpangaji anaacha ujumbe kwamba atarudi baada ya dakika kumi. Harudi kamwe, na polisi naye haonekani tena. Mtumishi wa nyumba, mama mcha Mungu, anasema huu ni uchawi, na kwamba anamjua vizuri aliyewachukua, ila hapendi kumtaja usiku.

Msomaji wa Moscow alijua vizuri aliyewachukua: polisi wa siri wa Stalin. Alijua pia kwa nini hatajwi. Kichekesho hapa hakikuipunguza hofu hata chembe. Kiliibeba, kwa kuwa kuisema waziwazi kungempeleka mwandishi alikopelekwa mpangaji. Hata hivyo kitabu kilisubiri hadi mwishoni mwa 1966 ndipo jarida la *Moskva* likaanza kukichapa, tena kikiwa kimekatwakatwa.

Dhana: Kuandika hivi ni rahisi, kila kitu kinawezekana

Kinyume chake kabisa. Ajabu huruhusiwa kidogo, na mambo mengine yote lazima yabaki ya kawaida. Paka wa Ibilisi anapopanda tramu, anasimama kwa miguu miwili na kutoa sarafu ya nauli. Kondakta anamfokea kwamba paka hawaruhusiwi. Si kondakta wala abiria anayeshangaa kwamba paka anataka kulipa. Utamu wote uko hapo: kanuni za tramu zimewakaa watu kichwani kiasi kwamba muujiza unapita mbele yao hawauoni. Mwandishi angeongeza paka wanaoruka na tramu inayoimba, tukio lingekufa.

Dhana: Ni mambo ya Wazungu, na tena ni kuwadharau wafu

Hizi mbili huja pamoja, na jibu lake ni moja. Tunayo riwaya ya *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, iliyotoka mwaka 2001. Mkubwa mmoja wa serikali, anayeitwa K tu, anajiwa na mzuka wa babu yake, na mzuka huo unamlazimisha kutazama maisha ya watu aliowasahau. Maiti ndiye mwenye akili timamu humo. Aliye hai ndiye aliyeoza.

Kuhusu dharau, nenda kwenye msiba wenye watani. Tanzania watani huja kumwigiza marehemu, hujilaza njiani jeneza lisipite hadi walipwe, hudai urithi, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Hakuna anayesema mtani amemtukana marehemu. Mtani asipotokea, ndipo watu huuliza kulikoni. Jamii iliyompa mtu wajibu wa kuchekesha kaburini haihitaji kufundishwa aina hii ya hadithi na mtu wa mbali.

Dhana: Ni vitabu vya wasomi

Hapa historia ya *Shetani Msalabani* inatosha. Toleo la Kigikuyu lilianza na nakala 5,000, na muda mfupi tu likalazimika kuchapwa tena. Ngũgĩ ameeleza lilivyosomwa: familia zilimkusanyikia yule mmoja aliyejua kusoma, wafanyakazi wakasomeana wakati wa chakula cha mchana, na kikasomwa kwa sauti ndani ya matatu. Kwenye baa wakazuka wasomaji wa kazi. Msomaji wa aina hiyo alisoma hadi kinywaji chake kilipokwisha, akakiweka kitabu mezani pale hasa hadithi ilipokolea, na wenzake wakaagiza kingine ili wajue mabingwa wa pangoni walisema nini baadaye.