Je, wajua kwa nini watu wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, walizikwa na misalaba ya shaba kabla padri wa kwanza hajafika?

Katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, macho ya mgeni hukimbilia vinyago. Mimi humshauri aanze na vipande vya shaba vyenye mikono minne, ambavyo wengi huvipita wakidhani ni mabaki ya misheni. Misheni haihusiki. Vipande hivi vilikuwa vikiyeyushwa Katanga mamia ya miaka kabla Biblia haijasikika huku. Vilikuwa pesa.

Ushahidi ulitoka makaburini. Mwaka 1957 watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walianza kuchimba Sanga, kando ya Ziwa Kisale, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika bonde la Upemba. Walikuta wafu wamezikwa na vyungu, vyombo vya chuma na misalaba ya shaba. Sasa angalia ramani: Kisale hakuna shaba. Migodi iko kusini, zaidi ya kilomita 200, na safari hiyo ilikuwa ya miguu. Basi kila msalaba uliofika ziwani ulibebwa na mtu begani, na watu wa ziwa walikuwa na kitu cha kutoa. Samaki mkavu hakukosekana.

Lakini shaba kaburini inaweza kuwa pambo tu, au sifa ya mtu mkubwa. Walijuaje kwamba ni pesa? Kwa kupima. Misalaba ya zamani zaidi, ya karne ya 13 hivi, ni mikubwa kiasi, tena huwekwa kifuani mwa marehemu. Kadiri karne zinavyosogea inapungua ukubwa, inaongezeka wingi, na inaanza kufanana. Marehemu anakutwa nayo mikononi au kiunoni, mingine imefungwa pamoja. Pambo halina haja ya kufanana na pambo la jirani. Pesa inayo, maana anayepokea hataki kubishana kila mara kuhusu uzito. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa kabati lile la makumbusho: ukitazama misalaba mikubwa kisha midogo, unaona mali ya wachache ikigeuka kuwa kitu cha kuhesabiwa sokoni.

Utengenezaji wake ulikuwa kazi ya kiangazi, mavuno yakishaingia na maji yakishapungua mashimoni. Waliokota malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wa Lubumbashi bado wanalichonga shanga na visahani vya majivu. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likajazwa mawe na makaa, na mivuo ikapuliza bila kupumzika. Makaa yalifanya kazi mbili: kutoa joto, na kulinyang'anya jiwe oksijeni yake ili shaba ibaki peke yake. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Ikishayeyuka ilimiminwa kwenye kalibu yenye umbo la msalaba, wazi juu. Wafua shaba hao waliitwa "wala shaba", yaani walaji wa shaba, na ufundi wao uliendeshwa na mabwana wenye dawa na miiko. Si kila mtu aliruhusiwa kusogea.

Kule Upemba misalaba midogo iliacha kutumika baadaye, lakini mikubwa iliendelea kuyeyushwa kwa biashara na mahari hadi karne ya 19, enzi ya mtawala Msiri wa Bunkeya. Mwaka 1911 tanuru la kiwanda likawashwa Lubumbashi, likilishwa na mgodi wa Kalukuluku.

Msalaba wenyewe haukusahaulika. Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera. Mwaka uliofuata, serikali ya Moïse Tshombe ikatoa sarafu za faranga 1 na faranga 5 zenye msalaba uleule. Upande wa pili walichora ndizi.