Riwaya za Zamani za Kiswahili: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Ukitaja riwaya ya zamani mbele ya watu waliomaliza kidato cha nne, tazama nyuso zao. Mmoja atakumbuka swali la mtihani, mwingine atakumbuka fimbo, wa tatu atajisifu kwamba alifaulu bila kukifungua kitabu. Mimi ndiye yule wa tatu. Vitabu hivi nimevirudia ukubwani, hakuna mwalimu wala mtihani, na mengi niliyokuwa nimeambiwa juu yake nimekuta ni maneno ya kusikia tu.

Dhana: Kitabu kizuri hakisahauliki. Kilichosahauliwa kilistahili.

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Anayeisema anadhani miaka ni ungo, kwamba mchele utabaki na pumba zitapeperuka zenyewe. Biashara ya vitabu haiendi hivyo. Kitabu hutoweka kwa sababu mchapishaji amefilisika, karatasi imeadimika, mtaala umebadilika, au mwandishi amefariki na warithi hawajui mkataba uko sanduku gani. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilitoa hadithi nyingi za Kiswahili kabla na baada ya uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika hilo nalo likaishia hapo, na upande wa Kenya ikazaliwa Kenya Literature Bureau. Katika purukushani ya namna hiyo, hakuna msomaji anayeulizwa kitabu kipi kiendelee kuchapwa.

Kisa kinachonirudia kila mara ni cha Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, maisha yake ni ya kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, na kufikia 1945 alikuwa amemaliza kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwake. Hakupata wa kuichapa. Nani angeweka fedha kwenye kitabu kirefu namna ile, kwa lugha ya kisiwa kimoja? Mzee akakaa chini, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Miaka 35 tangu wino ukauke. Mwaka uliofuata akafariki. Sasa niambie, miaka yote ile 35 kitabu kilikuwa kibaya, kisha 1980 kikaamka kizuri?

Na chenyewe ni karamu. Myombekere na mkewe hawajajaliwa mtoto, maneno ya ndugu yanazidi, wakwe wanakuja kumchukua binti yao. Mume akienda kumwomba arudi, anatozwa pombe ya ndizi. Hapo Kitereza hana haraka kabisa. Anakuonyesha ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, na kazi inavyogawanywa. Mara ya kwanza niliziruka kurasa hizo. Mara ya pili nikaona kwamba mapenzi ya kitabu kizima yamo humo humo, kwa mwanamume anayehangaika na mitungi kwa kuwa nyumba haikaliki bila yule mwanamke.

(Kisiwa hicho hicho ndicho kilichomtoa mwandishi Euphrase Kezilahabi, na pia Gabriel Ruhumbika, ambaye ndiye aliyefasiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza. Sijui maji ya kule yana nini.)

Dhana: Lugha yake ngumu.

Ngumu kwa nani? Chukua *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Nchi yenyewe iko angani, na mwandishi anaipa mipaka: mashariki Matlai, magharibi Umande, kaskazini Upepo wa Kaskazi, kusini Upepo wa Kusi, juu Mbinguni, chini Ardhi. Wajumbe sita walitumwa huko, mmoja kila upande, na kila aliyerudi na habari za maendeleo alitupwa gerezani. Shuleni tuliyakariri majina hayo kama mtu anavyokariri namba ya simu.

Siku moja nilimsomea ukurasa huo mjomba wangu, mvuvi maisha yake yote. Akacheka. "Hizo si pepo zetu hizi?" Matlai ni upepo wa maawio ya jua. Umande ni ule unaovuma alfajiri kutoka bara, unaosukuma ngalawa nje. Mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alikuwa ameichora ramani ya nchi yake kwa pepo za wavuvi, na sisi tusiojua kupandisha tanga ndio tuliosema kitabu kigumu. Sentensi za Shaaban zina mwendo wake, sikatai, zinatembea na kanzu iliyopigwa pasi. Baada ya kurasa kumi sikio linazoea. Vitabu vingine havikudai hata hizo kumi: *Kuli* ya Adam Shafi, ya 1979, inayosimulia maisha ya Rashidi na mgomo wa wapagazi wa bandari ya Unguja mwaka 1948, inasomeka kama mtu anakuhadithia barazani.

Dhana: Ni mahubiri matupu.

Aliyesoma *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert peke yake nitamsamehe. Lakini *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya 1971, ni mahubiri gani? Binti analelewa chini ya baba mkali, haruhusiwi hata kuongea na mvulana, kisha anapelekwa shule ya bweni bila kujua lolote kuhusu wanaume. Yanayomfika binti huyo, mwandishi hayafuniki kwa ukili. Riwaya ikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye, kitabu kile kile, bila kubadilishwa tabia, kikasomeshwa mashuleni Tanzania na Kenya. Na wanaosema majaribio ya uandishi yameingia Kiswahili juzi, wachukue *Nagona* ya mwandishi huyo huyo, ya 1990, kijitabu chembamba tu, wasome usiku peke yao. Mimi nimekisoma mara tatu na bado siwezi kukusimulia.

Kuna yaliyochacha, nayo tuyaseme. Wanawake katika nyingi ya riwaya hizi ni ama malaika ama mtego. Nikifika hapo huwa nagombana na kitabu kwa sauti, watu wa nyumbani wameshazoea.

Dhana: Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ni Sherlock Holmes wa Waingereza aliyevishwa kanzu.

Kiko anacho. Rafiki wa kumsindikiza, Najum, anaye. Mfanano upo na hakuna wa kuukana. Lakini soma *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi ya Muhammed Said Abdulla iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 ikachapwa 1960, kisha uniambie Holmes angeifumbua vipi. Holmes hutazama jivu la tumbaku. Bwana Msa anahitaji kujua nani mtoto wa nani, nani aliolewa kimya kimya, nani alibadilisha jina, na nani anajificha nyuma ya hofu ya watu kwa mizimu. Ni Unguja ile ambapo ukoo wa mtu ni siri inayojulikana na mtaa mzima isipokuwa mwenyewe.

*Kisima cha Giningi*, ya 1968, nilikinunua kikiwa na selotepu mgongoni na mihuri miwili ya maktaba ya shule. Pembeni mwa kurasa kuna penseli ya mwanafunzi: "dhamira", "tashibiha", "taharuki – mfano wa 2". Penseli inaandamana na hadithi kwa utii, ukurasa baada ya ukurasa, halafu inakatika ghafla mahali ambapo mambo yamepamba moto. Haionekani tena mpaka mwisho. Huenda muhula uliisha. Mimi naamini alisahau kwamba yuko darasani.

Dhana hii ina mdogo wake, anayesema riwaya pendwa, zile za kusisimua, ni takataka. Mgawanyo wa "riwaya dhati" na "riwaya pendwa" una kazi yake vyuoni, lakini ukiutoa nje ya chuo unakuwa rungu. *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya 1965, na *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba, ya 1974, ambamo jasusi Willy Gamba anaanza kazi, zilisomwa kwenye mabasi, jikoni na zamu za usiku, zikaazimwa mpaka zikabaki bila jalada. Vile vitabu safi unavyovikuta maktabani, vyenye kadi isiyo na tarehe hata tatu, vimesalimika kwa sababu hakuna aliyevigusa. Hivi vingine vilisomwa vikaisha, kama sabuni.

Dhana: Yote yalianza na Shaaban Robert.

*Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela ilitoka 1934. Inasimulia watu waliotekwa utumwani, wakakombolewa, wakaletwa Freretown, makazi ya watumwa huru yaliyoanzishwa 1875 na wamisionari nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa. Kengele yao bado imeupa mtaa jina: ukipita Kengeleni, hiyo ndiyo. Wasomi wanabishana kama kitabu ni riwaya au ni historia, na sifa zinazomwagiwa Waingereza humo zinachosha. Bado kina sauti za watoto wa waliotekwa, wakiandika Kiswahili chao wenyewe, na mimi sijui ni wapi pengine ningezisikia.

Dhana: Kitabu cha zamani hakina mwenyewe. Kipige picha, tuma kundini.

Najua, sote tumepokea faili lile lenye kurasa zilizopinda na kidole gumba pembeni. Lakini sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya zinalinda kazi kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Abdulla alifariki 1991, Kezilahabi 2020. Hesabu mwenyewe. Uzee wa kitabu hauhesabiwi, kinachohesabiwa ni kaburi la mwandishi, na wapo wajukuu ambao malipo ya toleo jipya yangewafaa. Kama kipo dukani, nunua. Nakala mpya zikinunuliwa ndipo mchapishaji anapopata ushujaa wa kutoa cha pili.

Dhana: Hazipatikani tena, labda vyuoni Ulaya.

Zinapatikana, ila hazikungoji. Baadhi zimechapwa upya na ziko madukani kwa bei ya kawaida. Filamu nayo husaidia: *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi ilipoigizwa 2021, niliona watu wakikiulizia kitabu ambacho mwaka mmoja nyuma hakuna aliyekitaja. Zilizobaki ziko kwa wauza vitabu wa chini, kwenye turubai, katikati ya vitabu vya uhasibu na Biblia zisizo na Mwanzo. Ziko kwenye makabati ya walimu wastaafu, ambao ukiwauliza kwa adabu hukupa na chai juu. Mweleze muuzaji jina la mwandishi na usimwonyeshe shauku, maana bei inapanda machoni pako. Panga ziara kabla shule hazijafungua, kwa sababu zikishafungua meza yote inakuwa ya vitabu vya kiada.

Na kabla ya kulipa, hesabu kurasa. Hili nalisema kwa uchungu. Nilinunua *Siri ya Sifuri*, Bwana Msa mwingine, ya 1974, kwa shilingi elfu mbili, nikaona nimeokota dhahabu. Nikasoma siku mbili, wali ukaungua mara moja, mpaka nikafika pale Bwana Msa anapowaketisha watu na kuwasha kiko ili aseme. Nikafunua. Gundi tupu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zamani.

Nikamwendea shangazi, aliyekisoma alipokuwa msichana. Akanitajia mhalifu bila kusita. Nikamwuliza jirani yetu, karani mstaafu. Akamtaja mwingine, na akaapa. Mwalimu wangu wa zamani akawacheka wote wawili, akanitajia wa tatu. Nikarudi kwa muuzaji kudai haki yangu. Akakichukua kitabu, akakipekua hadi mwisho kama anayekiona mara ya kwanza, akanirudishia.

"Elfu mbili," akasema, "ulidhani nimekuuzia na jibu?"