Rice cooker ikikata, usiseme chakula kimeiva

Juzi mama mmoja kanibwagia rice cooker mezani kwa kishindo. "Fundi, umeniharibia. Nimeweka maharage, imekata yenyewe, nafungua, magumu kama changarawe." Wiki moja kabla nilikuwa nimeibadilisha fyuzi. Nikaichomeka mbele yake, nikatia kikombe cha maji, yakachemka, yakakauka, tak! Nzima kabisa.

Huyo ni wa nne mwezi huu, kwa hiyo naandika nisije nikalisema tena. Mle ndani hamna saa, wala hamna kitu kinachoonja. Nazungumzia hizi za swichi moja. Zile za vitufe kumi tuziache. Katikati ya sahani ya moto kuna kidude cha mviringo kinachobonyea, ndiyo sensa, yaani kihisi joto. Ukishusha swichi, sumaku inanasa kwenye kipande cha feraiti, aina ya kauri inayovutwa na sumaku mpaka ipate joto fulani. Maji yakiwepo, joto la chini ya sufuria halitoki mbali na nyuzi 100. Yakiisha linapanda, na likifika kama 103 feraiti inaacha kunaswa, springi inasukuma, swichi inaruka. Basi.

Kwa hiyo ile "tak" inasema kitu kimoja tu: hapa chini pamekauka. Wali huwa umeiva wakati huo kwa sababu wewe ndiye uliyepima maji yaishe pamoja na ubichi. Toshiba ya mwaka 1955, ile ER-4, rice cooker ya kwanza ya umeme kujikata yenyewe, ilikuwa na sufuria mbili: kati yake unatia maji kidogo, yakiisha kwa kama dakika 20, inakata. Tangu mwanzo saa ni maji.

Sasa maharage. Maji machache, yatakatiwa yangali mawe. Maji mengi, haitakata mpaka kesho, povu litatoka juu, lishuke hadi kwenye nyaya, na mimi nipate kazi. Yaloweke usiku, mwaga yale maji, usizidishe nusu ya sufuria, mfuniko uache upenyo, kaa karibu. Ukiwa Mbeya au Nairobi ongeza muda, huko maji yanachemkia kwenye nyuzi 94 au 95. Na wanaoyaacha mabichi kwenye "warm" usiku kucha yajilainikie: acheni. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayoondolewa na mchemko wa kweli, na "warm" haichemshi. Utalala chooni.

Wali wa nazi ndio unaonikera zaidi, maana watu wanalaumu mashine. Mtu anamimina tui zito lote pamoja na mchele, anabonyeza. Dakika chache, tak. Juu mchele mbichi unaogelea, chini ukoko wa kahawia. Maji si yapo? Yapo, ila tui zito halizunguki kama maji, linashika chini, na pale kwenye sensa joto linapanda peke yake. Sensa haioni juu. Upana wake wote ni kama sarafu. Bibi zetu hawakuwa na sensa na bado walijua: tui la pili kwanza, zito mwishoni. Pika kwa tui jepesi, vijishimo vikitokea juu ya mchele ndipo umwagie lile zito, geuza mara moja, funika. Hata hivyo tui la pakiti hunigomea siku moja moja. Nashuku ni zile dawa za kulizuia lisitengane, lakini sijathibitisha.

Pilau ni hadithi ileile upande wa vitunguu. Kitunguu hakiwi cha kahawia kwa nyuzi 103, hivyo itakata, na hiyo si hitilafu. Subiri ipoe kidogo, bonyeza tena. Usifanye kama kijana aliyeniletea yake akiwa ameifunga swichi kwa mpira wa ndala ili isiruke: fyuzi imekufa, waya umeyeyuka, sufuria ina rangi ya lami. Vitunguu vilikuwa vizuri, alisema. Mimi siku hizi nakaangia kwenye gesi halafu nahamishia, na nakiri pilau yangu ya umeme haijawahi kufikia ya mkaa.

Ndizi, viazi, mayai: maji, mfuniko, hakuna la kueleza. Keki inataka kubonyezwa mara tatu nne, na juu itabaki nyeupe, igeuze. Ugali nilijaribu mara moja. Sirudii.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nitajuaje yameiva?"

"Toa punje moja, bonyeza kwa vidole."

"Kama kwenye mkaa?"

"Kama kwenye mkaa, mama."

Akaitazama rice cooker, akanitazama mimi, kisha akataka nimrudishie hela ya fyuzi.