Majimaji si lazima yawe salama kooni

Katika nyumba nyingi, aliyepata kiharusi akianza kupaliwa hupewa chai au uji mwepesi, kwa imani kwamba cha majimaji huteremka bila shida. Huteremka kweli, tena mbio mno: hufika kooni kabla njia ya hewa haijafungwa, kisha huingia mapafuni, mara nyingine bila hata kikohozi. Andazi la kuchovya ndilo linalohadaa zaidi, maana chai hutangulia na donge hubaki mdomoni. Afadhali parachichi lililopondwa, au kiazi kitamu kisicho na nyuzi, kilichopondwa kwa maziwa kikalainika. Karanga na bisi, hapana. Alishwe amekaa wima, kijiko kidogokidogo. Chakula kiwe kizito au chepesi kiasi gani kooni, hupimwa na mtaalamu, wagonjwa hawafanani.