Bando lako linaliwa na kompyuta

Malalamiko ninayoyasikia zaidi mezani kwangu ni haya: "Fundi, nimeweka GB 5 asubuhi, saa sita mchana hamna kitu. Hawa jamaa wa mtandao wananiibia." Mtu akija hivyo, kwanza namwomba simu yake. Mara nyingi jibu limo humo humo.

Kwenye Android ingia Mipangilio, sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data. Kila programu imeandikwa na MB ilizokula. Wengi hutarajia kukuta TikTok au WhatsApp ikiongoza, na kwa anayetumia simu peke yake ndivyo inavyokuwa. Ila kwa wale wanaowasha hotspoti ili kompyuta ipate intaneti, juu kabisa huwa imekaa hotspoti yenyewe, na zile programu nyingine zote zimeachwa mbali.

Sababu ni kwamba Windows ikiona Wi-Fi inaona Wi-Fi tu. Haina habari kuwa nyuma yake kuna simu yenye kifurushi cha saa 24. Simu ya Android ikijiunga na hotspoti ya Android mwenzake hupewa taarifa kwamba data hii inapimwa, yaani inalipiwa kwa kiasi, ikajizuia. Windows kwa kawaida hairithi taarifa hiyo. Usipoiambia mwenyewe, inavuta masasisho yake, OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inapandisha mafaili, na programu nyingine nazo zinajisasisha. Yote hayo wewe umefungua barua pepe moja tu.

Kuna mama mwenye duka la steshenari aliyeniletea kompyuta yake akiwa ameshabadilisha laini kwa hasira. Nikaiunganisha na hotspoti ya simu yake, nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inafanya nini, kwenye kichupo cha Performance, nikamwambia, "Mama, usiguse kitu, angalia huu mstari wa Wi-Fi." Hakuna kivinjari kilichofunguliwa, lakini mstari ulipanda ukabaki juu. Kompyuta ilikuwa inashusha sasisho kubwa la Windows, na kila kifurushi kilipokatika katikati, ilisubiri cha kesho iendelee.

Dawa yake haina gharama. Ukiwa umeunganishwa, nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, kisha washa palipoandikwa Metered connection. Kuanzia hapo masasisho mengi ya Windows hayajishushi yenyewe, na OneDrive husimama. Ukibadilisha jina la hotspoti, washa upya, kwa sababu Windows inakumbuka kwa jina. Tafadhali usiyazime masasisho moja kwa moja, kompyuta isiyosasishwa ni mlango wazi kwa virusi. Yaache, kisha uyashushe siku ukiwa na Wi-Fi isiyopimwa au kifurushi cha usiku.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa naona watu wanaonewa na herufi. Kasi hupimwa kwa biti (b ndogo), kifurushi kwa baiti (B kubwa), na baiti moja ni biti 8. Video inayotiririka kwa Mbps 1, yaani megabiti 1 kwa sekunde, ambayo ni picha ya kawaida tu ya 480p, inakula karibu MB 450 kwa saa. Ukiiacha YouTube ijichagulie picha kali zaidi ya 1080p, inaweza kufika Mbps 5, yaani zaidi ya GB 2 kwa saa. GB 5 hapo haifiki saa tatu. Kwa kioo cha simu 480p inatosha kabisa, ichague mwenyewe.

Kama tatizo ni kasi, angalia laini kabla ya kuilaumu simu. Kadi za zamani za enzi za 2G na 3G zinaweza kukunyima 4G hata kama simu inayo. Kadi mpya unapewa dukani kwa mtandao wako, namba ikabaki ileile. Na kwenye baadhi ya simu za laini mbili, nafasi ya pili haifiki 4G, kwa hiyo laini ya data iwekwe ya kwanza. Mtandao upi una kasi? Siwezi kumjibu mtu bila kujua anakaa wapi. Azima laini ya jirani, ipime pale pale unapofanyia kazi, jioni watu wakiwa wengi.

Halafu salio. Kwenye baadhi ya laini, kifurushi kikiisha huku data imewashwa, intaneti inaendelea kwa kukata vocha, na bei ya nje ya kifurushi ni kali mno. Mimi siweki vocha kwenye laini ya data. Pesa inakaa M-Pesa, au huduma kama hiyo ya mtandao unaotumia, na kifurushi nanunua moja kwa moja kutoka huko. Kikiisha, intaneti inakata na hakuna shilingi ya kuliwa. Ukitumia ruta ya laini fanya vivyo hivyo, tena kwa uangalifu zaidi, maana ruta haizimwi usiku.